Tetris ya NES: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa tunazungumzia Tetris moja tu: ile iliyotolewa na Nintendo kwa ajili ya konsoli ya NES mwaka 1989. Si ya Game Boy, si ya simu, wala si ile ya mkononi yenye skrini ya kijivu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa mtu anayetaka kujifunza kupanga vipande kwa akili, hakuna Tetris inayomfundisha vizuri kuliko hii, kwa sababu haikubebi hata kidogo.

Nani aliibuni Tetris?

Alexey Pajitnov, mwaka 1984, akiwa mtafiti kwenye kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Kisovieti mjini Moscow. Kompyuta aliyotumia, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, hivyo vipande vya mwanzo kabisa viliundwa kwa alama za mabano. Kijana mdogo aliyeitwa Vadim Gerasimov akasaidia kuihamishia kwenye kompyuta za aina ya IBM, na kuanzia hapo ikasambaa kwa diski, kila mtu akimnakilia mwenzake.

Mbona naona Tetris mbili tofauti za NES?

Zipo kweli, na kisa chake kinafaa kujulikana. Haki za gemu hii zilipita mikononi mwa watu wengi kabla Wasovieti wenyewe hawajakaa kitako kuuliza nani ameuziwa nini. Robert Stein, mfanyabiashara wa programu mjini London, alikuwa na mkataba wa kompyuta. Kutoka kwake haki zikaenda Mirrorsoft, kampuni ya familia ya Maxwell ya Uingereza, na kutoka hapo zikaifikia Atari Games, ambayo kupitia jina lake la Tengen ikatengeneza kaseti ya NES. Shida ni kwamba haki za konsoli hazikuwa zimeuzwa kwa yeyote.

Februari 1989, Henk Rogers, mkuu wa kampuni ya gemu ya Bullet-Proof Software ya Japani, alitua Moscow bila mwaliko akitafuta haki za Game Boy, akaingia ofisi za ELORG, shirika la serikali lililosimamia mauzo ya programu nje ya nchi. Alipomwonyesha Nikolai Belikov, ofisa wa ELORG, kaseti ya Tetris ya konsoli iliyokuwa ikiuzwa Japani, Belikov alishangaa, kwani hakuwa na habari kwamba ipo. Baada ya hapo Belikov akamtaka Stein asaini marekebisho ya mkataba yaliyoeleza wazi kwamba kompyuta ni mashine yenye kichakataji, skrini, diski na kibodi. Stein akasaini akiwa amekodolea macho vipengele vya malipo. Konsoli haina kibodi wala diski, kwa hiyo haki za konsoli zikabaki huru, na mwezi uliofuata Nintendo ikazichukua.

Tengen ilitoa kaseti yake Mei 1989. Mwezi Juni Jaji Fern Smith wa mahakama ya shirikisho huko California akaamuru isiuzwe tena, na zilizobaki zikarudishwa ghalani. Toleo la Nintendo likaingia sokoni Marekani baadaye mwaka huohuo. Wengi watakwambia ya Tengen ni nzuri zaidi kwa kuwa watu wawili wanaweza kucheza pamoja. Kwa hilo wako sahihi. Kwa mashindano, lakini, dunia nzima inacheza ya Nintendo.

Kuna ya tatu pia, ile ya Japani ya Bullet-Proof Software ya Desemba 1988, ambayo ukibonyeza chini kipande kinazunguka, na ukibonyeza A kinaanguka moja kwa moja. Ukikutana nayo kwenye mashine za bei nafuu zinazofanana na Famicom (NES ya Japani), usidhani pedi imeharibika.

Nimezoea Tetris ya simu. Nitakuta tofauti gani?

Nyingi, na karibu zote zitakuumiza wiki ya kwanza. Huwezi kuweka kipande pembeni ukitumie baadaye. Unaonyeshwa kipande kimoja tu kinachofuata. Huwezi kukidondosha kwa mguso mmoja. Unashikilia kitufe cha chini kikashuka haraka. Kipande kikigusa ukuta wakati unakizungusha, hakisogei kukupisha, kinakataa tu kuzunguka. Na kikishatua kimetua. Ule muda wa kukitelezesha chini kwa chini huku ukikizungushazungusha haupo.

Uwanja ni uleule, nguzo 10 kwa safu 20.

A-Type na B-Type ni nini?

A-Type ni mchezo usio na mwisho: unacheza hadi ujae. B-Type unapewa safu 25 za kufuta, na unaweza kuchagua uanze na takataka kiasi gani uwanjani, kimo 0 hadi 5. Ukimaliza levo 9 kwa kimo cha 5, wahusika wa Nintendo wanakutumbuiza mbele ya kanisa la Mtakatifu Basil: Mario, Luigi, Peach, Bowser, Donkey Kong, Link, Samus. Inafaa kuiona angalau mara moja. Mengine yote yanayofuata hapa chini yanahusu A-Type.

Pointi zinahesabiwaje?

Hapa ndipo gemu yote ilipo, kwa hiyo soma polepole. Safu moja ni pointi 40, mbili 100, tatu 300, nne kwa mpigo 1,200. Kiasi hicho kinazidishwa kwa namba ya levo ukijumlisha moja.

Chukua levo 18. Ukifuta safu nne moja moja, kila moja inakupa 760, jumla 3,040. Ukizifuta zote nne kwa fimbo, yaani kile kipande kirefu, unapata 22,800. Kazi ni ileile, safu ni zilezile nne, malipo ni mara saba na nusu. Ndiyo maana mchezaji mzuri haonekani akifuta safu moja moja; anajenga, anasubiri, kisha anachomeka.

Kushikilia kitufe cha chini nako kunaongeza pointi chache. Usizipigie hesabu.

Nawezaje kuanza levo 18 au 19? Menyu inaishia 9.

Weka kishale kwenye levo unayotaka, shikilia A, kisha bonyeza Start. Gemu inaongeza 10: kwa hiyo 8 inakuwa 18 na 9 inakuwa 19. Wanaocheza kwa pointi huanzia 18, kwa kuwa ukianzia hapo levo haibadiliki mpaka ufikishe safu 130, kisha inapanda kila baada ya safu 10. Kwenye levo 18 peke yake, mtu anayefuta kwa fimbo tu anaweza kuvuna zaidi ya laki saba.

Kama ndiyo unaanza, usiende 18. Anzia 5 au 6, na uende 9 pale tu ambapo uwanja wako haubaki na mashimo.

Vipande vinashuka kwa kasi gani?

Kwenye mashine ya Marekani picha hubadilika takriban mara 60 kwa sekunde, na kila badiliko ni fremu moja. Levo 0 kipande kinashuka hatua moja kila fremu 48, hivyo kutoka juu hadi chini ni sekunde 16, muda wa kunywa chai. Levo 9 ni fremu 6, sekunde mbili. Levo 16 hadi 18 ni fremu 3, yaani sekunde moja. Levo 19 hadi 28 ni fremu 2. Kuanzia levo 29 ni fremu moja kwa hatua, na kipande kinafika sakafuni kwa theluthi moja ya sekunde.

Angalia pale katikati: kutoka 18 kwenda 19 hakuna ngazi ya mpito. Muda wako unapungua kwa theluthi nzima, ghafla. Watu wengi hufia hapo.

Nipange vipi?

Acha nguzo moja wazi ukingoni, jaza tisa zilizobaki, na fimbo ikija iingize pale. Karibu kila mtu huacha ile ya kulia kabisa. Kuna sababu ya kweli: fimbo iliyosimamishwa inahitaji kusogea mara 4 kufika ukuta wa kulia, na mara 5 kufika wa kushoto. Kwenye levo za juu hatua hiyo moja ndiyo uhai wako.

Sasa kuhusu hizo nguzo tisa. Wanaoanza huambiwa wapange bapa. Ni ushauri mzuri, ila uwanja ulio bapa kabisa una hatari yake. Hebu utazame: nguzo zote ziko sawa, kisha inakuja S au Z (vipande huitwa kwa herufi vinazofanana nazo). Hakuna mahali pa kuiweka bila kuacha shimo chini yake. Hata moja.

Unachotaka ni bapa yenye kingazi kimoja. Chukua nguzo tatu zilizo jirani, ya kushoto ikiwa juu kwa hatua moja kuliko mbili zinazofuata. Z iliyolala inakaa hapo barabara: kichwa chake juu ya ile ndefu, mkia kwenye zile mbili. S nayo ukiisimamisha, mguu wa kushoto unakaa juu ya ile ndefu na wa kulia unashuka kwenye ya pili. Kingazi kimoja, vipande viwili vigumu kuliko vyote vimepata makao. Kikiwa kinapanda kuelekea kulia, mambo ni yaleyale kwa kugeuza: S inalala, Z inasimama.

Na chunga kina cha mabonde. Mbali na fimbo, bonde la nguzo moja lenye kina cha hatua mbili linazibwa na L au J tu. Likifika tatu, ni fimbo peke yake inayolifaa, na sasa una mahitaji mawili ya fimbo wakati gemu inakuletea moja moja. Hapo ndipo mchezo wako umeanza kufa hata kama skrini bado iko nusu.

Jambo jingine: usiache upande wa kushoto uzame. Vipande vinatokea katikati. Katikati ikipanda na kushoto kukiwa chini, kasi ikiongezeka hutaweza kuvuka mlima kwenda kulijaza bonde.

Fimbo hazinijii kabisa. Gemu inanifanyia makusudi?

Hapana. Tetris za kisasa huchanganya vipande vyote saba kwenye kifuko na kuvitoa vyote kabla ya kuanza upya, kwa hiyo fimbo haichelewi sana. Hii haina kifuko. Inachagua kwa bahati kati ya nafasi nane, saba za vipande na moja tupu. Ikiangukia tupu, au kipande kilekile kilichotoka sasa hivi, inachagua tena mara moja kati ya saba na kukubali chochote kitakachotokea. Kwa hiyo kipande kujirudia papo hapo ni takriban mara moja katika 28, lakini hakuna kinachokuhakikishia fimbo.

Ukifanya hesabu, baada ya kipande kisicho fimbo, uwezekano wa fimbo kufuata ni kama 16 katika 100. Kukosa fimbo kwa vipande 20 mfululizo kuna uwezekano wa karibu 3 katika 100. Inaonekana kidogo, lakini mchezo wa safu 230 unatumia vipande 575 hivi. Ukame wa namna hiyo utakupata, tena katika michezo mingi.

Kinachotakiwa ni kuujua mapema. Ukiona rundo limepita nusu ya uwanja na fimbo haionekani, anza kuchoma: futa safu moja au mbili ukitumia L, J au chochote kinachofaa, hata kwa kuziba kidogo mfereji, yaani ile nguzo uliyoiacha wazi, ushuke upumue. Mchezaji anayekataa kuchoma kwa sababu ya uchu wa 22,800 hupoteza mchezo mzima akiwa na mfereji safi kabisa. Kwa maoni yangu, kujua lini uchome ni ujuzi mkubwa kuliko wepesi wa vidole.

Nikishikilia kitufe cha pembeni, kipande kinasita kabla ya kukimbia. Kwa nini?

Ndivyo kilivyoandikwa. Ukibonyeza na kushikilia, kinasogea mara moja, kinasubiri fremu 16, kisha kinasogea kila fremu 6, yaani mara 10 kwa sekunde. Ukiendelea kushikilia kipande kinapotua, kinachofuata kinarithi ile hali ya kukimbia na hakisiti tena. Zoea kurithisha hivyo kabla hujaenda levo 18.

Ni kweli levo 29 ndiyo mwisho?

Kwa karibu miaka 20 iliaminika hivyo, na hesabu iliunga mkono. Kwa kushikilia kitufe unapata hatua moja kila fremu 6. Kipande kinaanguka kwa fremu 20 tu. Ni hatua tatu hivi, na ukuta wa kushoto uko hatua tano. Haufikiki.

Njia ilipatikana kwa kutoshikilia. Thor Aackerlund, aliyeshinda kundi la vijana kwenye mashindano ya Nintendo ya 1990, alikuwa akigonga kitufe kwa kutetemesha kidole zaidi ya mara 10 kwa sekunde, na akafika levo 30. Mwaka 2018 Joseph Saelee, mwenye miaka 16, alitumia ugongaji huo kumshinda Jonas Neubauer kwenye fainali ya dunia ya Tetris ya zamani mjini Portland, Marekani. Neubauer alikuwa ametwaa taji hilo mara saba. Namna alivyompongeza yule kijana jukwaani inakumbukwa mpaka leo; alifariki Januari 2021, akiwa na miaka 39.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 ukaja mtindo mwingine, uliotangulizwa na mchezaji anayejulikana kama Cheez. Kidole gumba kinakaa juu ya kitufe bila kubonyeza, na vidole vya mkono wa pili vinapiga mgongo wa pedi kimoja baada ya kingine, kama anayepiga ngoma. Kila pigo linaisukuma pedi kwenye gumba. Kasi inafika karibu mara 20 kwa sekunde, na mkono hauchoki upesi. Levo 29 ikageuka kuwa uwanja wa kawaida.

Nani aliimaliza?

Willis Gibson, anayejulikana kama Blue Scuti, kijana wa miaka 13 kutoka Oklahoma. Tarehe 21 Desemba 2023 alifika levo 157, akafuta safu moja, na gemu ikaganda. Alikuwa na safu 1,511. Hakuna binadamu aliyewahi kuifikisha hapo kabla yake.

Kwa nini inaganda?

Kwa sababu ya namna inavyojumlisha pointi. Badala ya kuzidisha mara moja, inarudia kujumlisha kulingana na namba ya levo. Levo ikiwa kubwa, kazi ni ndefu. Kuanzia levo 155 inaweza kutokea kwamba fremu mpya inadai zamu yake kabla kazi ya fremu iliyotangulia haijaisha. Mashine ikikatizwa mahali pabaya inakwenda kusoma maagizo pasipo na maagizo, na kila kitu kinasimama. Haitokei kila safari, inategemea umefuta safu ngapi na kwenye levo ipi, ndiyo maana wachezaji wa juu hutembea na orodha ya mambo ya kukwepa.

Kabla ya hapo, kuanzia levo 138, rangi zinaharibika: gemu inasoma orodha ya rangi kupita mwisho wake na kuokota chochote inachokuta. Levo 146 na 148 vipande vinakuwa vyeusi karibu sawa na ukuta wa nyuma, na ni lazima ucheze kwa macho ya mtu anayetafuta swichi gizani. Oktoba 2024 Michael Artiaga, bingwa wa dunia wa 2020 na 2021, alitumia toleo lililorekebishwa lisigande, akapita levo 255 na namba ikarudi 0.

Ninunue kaseti ya Ulaya au ya Marekani?

Kwa mchezo wa kushindana, ya Marekani na mashine yake. Ya Ulaya inakwenda kwa fremu 50 na kasi zake zilipangwa upya; pale levo 19 tayari kipande kinashuka kila fremu moja. Ni gemu nyingine. Tena kaseti ya Marekani haitawaka kwenye NES ya Ulaya, kwa sababu ya chipu ya ulinzi iliyomo ndani.

Kwa walio Tanzania, Kenya na kwingineko kwenye umeme wa volti 230 au 240, hili ni muhimu: adapta ya NES ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, umeiua. Tumia transfoma ya kushusha umeme au tafuta adapta mbadala. Wala usichukue adapta ya NES ukaichomeka kwenye Famicom. Ya NES inatoa AC, Famicom inataka DC.

Picha ichukue kwa waya wa AV, tundu la njano na jekundu ubavuni mwa mashine. Waya wa antena wa Marekani mara nyingi hausomeki kwenye runinga zetu.

Runinga yangu bapa inafaa?

Kwa kuzoea, ndiyo. Kwa levo 18 kwenda juu utasumbuka, kwa kuwa runinga nyingi bapa huichakata picha kabla ya kuionyesha, na unabonyeza leo skrini inajibu kesho. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio. Kama kwenu bado kuna chogo inayofanya kazi, usiitupe. Haicheleweshi kitu, na mashindano makubwa yamechezwa kwenye chogo hizohizo.

Kaseti haiwaki, nipulize?

Usipulize. Unyevu wa mdomo unaleta kutu kwenye meno ya shaba. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti isiyo na mafuta, sugua meno, acha yakauke kabisa, jaribu tena.

Ule wimbo maarufu wa Kirusi uko wapi?

Huo ni wa Game Boy. Hapa una nyimbo tatu za kuchagua, na wa kwanza ni kipande cha Tchaikovsky kutoka The Nutcracker.

Rekodi yangu imepotea nilipozima!

Kaseti haina betri ya kuhifadhi. Jedwali la washindi linafutika kila umeme unapokatika. Piga picha skrini ikiwa bado inaonyesha pointi, idadi ya safu na levo kwa pamoja, na kama unataka rekodi yako ikubaliwe na wenzako, rekodi video ya mchezo mzima tangu menyu ya levo, pedi na mikono yako ikionekana.